Urafiki Unaoandikwa kwa Kanuni

Mwambie mbunifu chipukizi atengeneze gemu kuhusu mapenzi au urafiki, na mara nyingi ataanza kuandika maneno: wahusika wanaahidiana, wanagombana, wanasameheana, huku mchezaji akibonyeza tu ili asome kinachofuata. Hicho ni kitabu kilichohamishiwa kwenye simu. Gemu husema kwa kanuni zake: inakuruhusu nini, inakunyima nini, na ukichagua hiki unapoteza kipi.

Chukua Florence, gemu ya simu iliyotolewa Februari 2018 na studio ya Mountains ya Melbourne, Australia, ikiongozwa na mbunifu Ken Wong. Unaimaliza kwa chini ya saa moja. Florence Yeoh, mwenye miaka 25, anakutana na Krish, mpiga selo. Siku ya kwanza wanapotoka pamoja, kila anachotaka Florence kusema unakiunga wewe kwa kidole, kipande kwa kipande, ndani ya kiputo kama vile vya katuni. Vipande ni vingi, nawe unababaika kama yeye. Wanavyozidi kuzoeana vinapungua, hadi kinabaki kimoja unachokisukuma mahali pake bila kufikiri. Hakuna aliyekuambia kwamba wamezoeana. Vidole vyako vimeshajua. Ugomvi ukianza, vipande vinarudi na ncha kali, na inabidi uharakishe kabla mwenzio hajakuzidi maneno.

Krish anapohamia kwa Florence, unampangia vitu vyake kwenye rafu zilizokwisha kujaa, kwa hiyo unaamua kipi cha Florence kiondolewe. Kwangu hapo ndipo penye ustadi kuliko pote. Aliyewahi kugawana chumba na mtu anaijua vita ya rafu.

Mmarekani Jason Rohrer alikuwa ameonyesha njia hiyo mwaka 2007 kwa Passage, gemu ya dakika 5 yenye picha duni kupindukia. Ukimgusa mwanamke unayekutana naye mwanzoni, mnaandamana maisha yote. Ila wawili hampenyi kwenye vichochoro vyembamba, na baadhi ya masanduku ya hazina yako huko.

Kazi huwa ngumu zaidi pale wachezaji wanapokuwa watu wawili wa kweli. Katika Journey ya thatgamecompany, iliyotoka 2012, wageni wawili hukutanishwa jangwani kupitia intaneti. Wakiwa wanacheza hawaoni majina wala hawawezi kuzungumza. Wana mlio mmoja tu wa kuitana. Jenova Chen, aliyeiongoza kazi hiyo, amesimulia kwamba katika majaribio ya mwanzo miili iliweza kugongana, na wachezaji wakawa wanasukumana shimoni. Sidhani walikuwa watu wabaya. Kumsukuma mtu kulileta kishindo. Kumsaidia hakukuleta lolote la kuonekana.

Wabunifu hawakuweka onyo wala adhabu. Waliondoa kugongana, na katika gemu iliyotoka, wawili wakigusana, skafu wanazovaa wahusika wao hujaa nguvu ya kurukia. Sasa kumkaribia mgeni kukawa na faida, na watu wakawa wanangojeana.

Kwa hiyo siku ukimpa mtu gemu yako aijaribu, usimweleze inahusu nini. Kaa pembeni, tazama mikono yake. Akimtesa mwenzake, tafuta kwanza ni kanuni ipi iliyomlipa kwa kufanya hivyo.