Mbuta wa Moshi Huiva kwa Hewa

Umewahi kuwatazama akina mama wakinunua mbuta wa moshi sokoni? Rangi hawaijali sana. Humbonyeza kidole mgongoni, penye nyama nene. Kidole kikizama, samaki yule hurudi kwenye beseni, na muuzaji anajua karo ya muhula ujao ina taabu.

Nyumbani kwetu, hapa Kombewa, nyanya ndiye hukausha mbuta, nami ndiye mchochezi wake wakati wa likizo. Wengi hudhani siri iko kwenye kuni. La hasha! Iko kwenye hewa.

Tanuri lake ni la udongo, lafika kiunoni. Chini lina mdomo wa kutilia kuni, na juu pametandazwa wavu. Hewa huingia mdomoni, hupita motoni, kisha hupanda na joto na moshi katikati ya samaki. Ikikosa pa kutokea juu, moshi hurudi mdomoni, nawe unalia machozi bure huku samaki wakiwa weusi na wachungu.

Mwanzoni mdomo huachwa wazi, moto uwe mdogo, na juu pasifunikwe, ili maji yatoke polepole. Moto ukiwa mkali mapema, ngozi hukauka ikawa ngumu na kuyafungia maji ndani. Siku chache tu, samaki ananuka! Maji yakishapungua, ndipo nyanya husogeza bati mdomoni, akiacha upenyo wa vidole vinne hivi, na kufunika juu kwa bati jingine lililoinuliwa kidogo kwa jiwe.

Halafu kuna upepo, na huyu ndiye mkorofi hasa. Mchana huvuma kutoka ziwani, usiku huelekea ziwani. Ukiingia mdomoni moja kwa moja, hulaza moto nyuma: samaki wa nyuma huungua, wa mbele wabaki wabichi. Kwa hivyo nyanya husimamisha bati la kukinga upande unaovuma, na bado huwahamisha samaki kila mara, wa pembeni kati, wa kati pembeni.

Kumbe Ghana wana tanuri liitwalo Chorkor, jina la mtaa wa wavuvi jijini Accra. Lina midomo miwili na ukuta katikati. Trei za wavu hupangwa moja juu ya nyingine hadi zenyewe zikawa dohani, na badala ya kumgeuza samaki mmoja mmoja, unabadilisha trei tu, ya chini ikaenda juu. Naona udongo wetu wa Seme ungelifaa kabisa. Nyanya naye anasema sawa, lakini kwanza karo yangu iishe.