Kitanda cha mtoto kiko karibu na ukuta gani?

Akina mama wapendwa, juma hili tuongee juu ya tetemeko la ardhi. Hapa Bwegera tunalisahau upesi: vikombe vikiacha kugongana, tunarudi jikoni.

Bonde letu la Ruzizi na Ziwa Tanganyika viko ndani ya ufa mmoja mkubwa wa ardhi. Pande zake zinaachana polepole, milimita chache kwa mwaka. Miamba inakaza miaka mingi, halafu siku moja inaachia. Ndivyo ilivyokuwa upande wa Uvira tarehe 22 Septemba 1960, Kongo ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu ya uhuru. Waulizeni bibi zetu.

Sasa tulinganishe mengine mawili. Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana, ardhi ilitikisika chini ya ziwa kwa kipimo cha 6,8. Nyumba zilianguka Kalemie, lakini waliokufa walikuwa wachache. Tarehe 3 Februari 2008 kipimo kilikuwa 5,9 tu, karibu na Bukavu. Nguvu yake haikufika hata sehemu moja ya ishirini ya lile la kwanza. Hata hivyo watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao ng'ambo, Rusizi na Nyamasheke. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, na kuta ziliwaangukia.

Kinachoua ni ukuta. Tofali bichi la udongo ni zito na halishikani na mwenzake. Anayejenga amwombe fundi mkanda wa beto na vyuma unaozunguka kuta zote juu ya milango. Unagharimu, ndiyo, na mabwana zetu watalalamika. Basi waonyesheni pembe za nyumba zilizopasuka.

Asiye na pesa aanze na chumba cha watoto. Lile la Agosti 2015 lilikuja usiku wa manane, watu wamelala. Sogezeni kitanda mbali na ukuta wenye ufa, na msiweke masanduku mlangoni. Ardhi ikitikisika, aliye karibu na mlango atoke mpaka mahali pa wazi; aliye mbali aingie chini ya meza ngumu, akinge kichwa. Msirudi ndani upesi: mwaka 2008 jingine lilifuata baada ya saa chache tu.

Na yale mawe tunayoweka juu ya manjanja kuzuia upepo, yashusheni, mabati yapigwe misumari.