Sahani ya Msafiri Nayo ni Darasa

Kila mwaka mabasi ya shule huufuata ule mzunguko wa barabara unaouzingira Mlima Kenya, yakiwa yamesheheni wanafunzi wenye kalamu na madaftari. Huonyeshwa vilele vya mlima huo wenye kimo cha mita 5,199, husimama Nanyuki panapopita ikweta, kisha hurejea wakiwa wameandika mengi. Lakini hebu waulize walikula nini njiani. Wengi watakujibu kuwa ni mkate na soda, au chipsi, yaani vyakula vile vile ambavyo wangalivipata dukani karibu na lango la shule. Wahenga walinena, tembea uone. Sisi twaona, ila hatuonji.

Maoni yetu ni kwamba mahali pa kula katika ziara ya masomo pasiachwe kuamuliwa na dereva na njaa. Yafaa pachaguliwe mapema, sawa na yanavyochaguliwa mambo ya kutazamwa.

Sababu ya kwanza ni kuwa chakula cha nchi ya milima ni jiografia iliyopakuliwa. Pepo za mvua huupiga mlima huu hasa kutoka kusini-mashariki. Ndiyo maana pande za Embu, Chuka na Meru zimestawi ndizi, kahawa na majani chai, ilhali Nanyuki iko katika kivuli cha mvua, na nchi yake ni ya malisho. Basi Nanyuki mgeni atakula nyama choma, Timau atapita kati ya mashamba ya ngano na viazi, na Meru atapewa ndizi za kupikwa. Akiteremkia nyanda kavu za Tharaka na Mbeere, atalakiwa na kunde, mbaazi, mtama na wimbi. Mwanafunzi aliyeionja tofauti hiyo hana haja ya kukaririshwa maana ya kivuli cha mvua.

Historia nayo imo sahanini. Huko Karatina, mji wenye soko mashuhuri la mazao, mboga zilikaushwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuwalisha wanajeshi. Mchele wa pishori wa Mwea, ambao harufu yake humtangulia mpishi, hutoka katika mashamba ya umwagiliaji yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la watu waliokuwa vizuizini. Mwalimu anayewaketisha wanafunzi wake mbele ya sahani ya wali huo na kuwasimulia habari hiyo, amefundisha somo ambalo ubao hauliwezi.

Hata fizikia haikosi nafasi yake. Kwa kila mita 300 hivi tunazopanda, maji huchemka kwa kiwango cha joto kilichopungua takriban nyuzi moja. Katika miji iliyo karibu na mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi. Kwa hiyo mahindi na maharagwe huchelewa kuiva, na sufuria ya githeri huinjikwa alfajiri ili iwe tayari adhuhuri.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni haki. Basi linaposimama na kila mmoja akaambiwa ajinunulie, hapo ndipo tofauti za mifuko ya wazazi hudhihirika. Wenye fedha hushuka wakicheka. Asiye na kitu husalia kitini akijifanya ana usingizi. Ziara iliyokusudiwa kumfungua macho humfunza badala yake kwamba umaskini ni aibu. Chakula kikijumlishwa katika ada ya safari na kuagizwa kwa pamoja, wote wataketi meza moja, na gharama ya kila mmoja itapungua.

Wapo watakaonung'unika kwamba githeri waliiacha shuleni. Malalamiko hayo twayaelewa, kwani githeri iliyochemshwa kwa chumvi tupu haimvutii mtu. Lakini ile iliyokaangwa kwa vitunguu na kutiwa viazi, au mukimo wa kijani uliopondwa kwa majani ya maboga, ni kitu kingine kabisa. Tusikihukumu chakula cha wazee wetu kwa kosa la jiko la bweni.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwalimu apige simu siku kadhaa kabla, akubaliane na mwenye hoteli idadi ya walaji na bei, na aulize kinachopikwa kwa mazao ya hapo. Achague mahali wenyeji wanapojaa saa ya chakula, kwa kuwa sufuria inayomalizika upesi haina kiporo. Ahakikishe wapishi wana vyeti vya afya, chakula ni cha moto, na maji ya kunawa yapo. Fedha hizo zitabaki kwa mpishi wa mji ule na mkulima aliyemuuzia maharagwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kamati zinazopanga ziara za muhula ujao zina nafasi ya kulirekebisha jambo hili. Katika ratiba, palipoandikwa saa ya chakula bila maelezo, paandikwe jina la mji, aina ya chakula na somo litakalotokana nacho.