Shimo la Mkunazini

Tulitoka hapa Msamvu na vijana wetu alfajiri, tukavuka bahari hata Unguja, ili wakaone Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash mwezi wa Juni 1873, na leo kanisa kuu la Kianglikana lasimama hapo.

Karibu nalo mna vyumba vya chini ya ardhi, vya dari fupi mno. Wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja kunadiwa; walakini wako wanahistoria wasemao vyumba vilijengwa baadaye, na misheni. Twaona yafaa vijana waelezwe kauli zote mbili. Dhuluma ile ni kubwa, haina haja ya kuongezewa.

Nje, katika shimo, zimo sanamu tano zenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. (Hukumu ya sanamu twawaachia masheikh.) Mtazamaji huzitazama kutoka juu, kama mnunuzi alivyowatazama watu wale, na hilo lilituchoma.

Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, wauzaji walikuwa Waislamu?"

Tukamjibu: Naam, wengi walikuwa Waislamu, ijapokuwa kumkomboa mtumwa ni mojawapo la mafungu manane ya zaka. Na misafara ilipita kwetu pia, chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Kisabengo uliokuwa asili ya Morogoro.