Unataka tela la kulala safarini? Anza na mteremko wa Tukuyu–Kyela

Ukitaja tela hapa Kyela, mtu anaona pawatila imepakia magunia ya mpunga, na juu ya magunia wamekaa watu watatu. Hilo ndilo tela la kwetu. Ila barabara hiyo hiyo hupitwa na tela la aina nyingine: kijumba kidogo cha matairi mawili, ndani godoro, jiko la gesi na kabati, kinavutwa na gari lenye namba za Afrika Kusini au za Ulaya. Kinavuka mpaka Kasumulu, kinakata kuelekea Ipinda na Matema, kinalala ufukweni siku mbili tatu, kinaondoka.

Na sisi tukikiangalia tunasema: hiki mbona fundi wa kuchomelea wa hapa mjini anakitengeneza?

Kweli, anakitengeneza. Anayeunda tela la pawatila hashindwi fremu, ekseli na springi. Tofauti ni kwamba la pawatila linatembea tambarare, mwendo wa mtu mwenye haraka. La kwako litashuka kutoka Tukuyu kwa kilomita 60 kwa saa likiwa limejaa. Kwahiyo kabla hujachagua rangi ya mapazia, tuongee kuhusu breki.

Mita elfu moja kwenda chini

Tukuyu iko kwenye kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500. Maana yake, ndani ya kilomita 50 hivi gari na tela vinashuka wima mita elfu moja, tena kwa kona, ukungu na mvua.

Uzito unaposhuka hivyo, nguvu yake haipotei, inageuka joto. Tela la kilo 700 likishuka mita 1,000 linatoa joto linaloweza kuchemsha dumu zima la maji la lita 20. Hapo hatujahesabu gari lenyewe, ambalo ni zito mara mbili au tatu ya tela. Joto hilo lazima liende mahali. Ukitumia gia ndogo, sehemu kubwa inabebwa na injini na upepo. Ukikanyaga breki muda wote, linaishia kwenye pedi na diski. Maji ya breki yakichemka, pedali inazama mguuni kama unakanyaga godoro, na gari halisimami.

Gari nyingi tunazoendesha ni automatiki kutoka Japani, na dereva wengi huziacha kwenye D kuanzia Uyole mpaka Kyela. Ukiwa na tela usifanye hivyo. Weka 2, L au S, kutegemea gari lako, kabla mteremko haujaanza, sio ukiwa katikati. Kama injini inanguruma kidogo, usiogope, iko kazini. Kanyaga breki kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, achia, acha zipoe. Kugusagusa pedali kilomita nzima ndiko kunakozichoma.

Tela lenyewe je, liwe na breki? Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Huo ni mpaka mzuri wa kuazima hata kama wewe ni wa Ipinda. Mimi kwa barabara hii ningeweka breki hata kwenye tela la kilo 500. Zile za kawaida kwa matela madogo hufanya kazi zenyewe: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huo unavuta waya wa breki za tela. Ni rahisi kutunza. Ubaya wake ni kwamba kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwahiyo breki zake zinashika muda wote. Pumzika njiani. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa kwanza. Kama upande mmoja unatoa joto kuliko mwingine, breki imeng'ang'ania au beringi imekaukiwa grisi.

Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane kama herufi X chini ya shingo ya tela. Kichwa kikichomoka, shingo inadondokea kwenye minyororo badala ya kuchimba lami.

Uzito unapokaa mbele, unapokaa nyuma

Tela likianza kuyumba kama mkia wa mjusi, mara nyingi kosa lilifanyika nyumbani wakati wa kupakia. Mzigo mwingi ulikaa nyuma ya ekseli.

Kanuni inayotumika sana ni hii: kwenye kila kilo 100 za tela, kilo 10 hadi 15 zilalie pale linapounganishwa na gari. Tela la kilo 700 likandamize kama kilo 70 hadi 100, ilimradi gari lako linaruhusu kiasi hicho. Kupima ni rahisi. Chukua mizani ya kujipimia uzito, weka ubao juu yake, kalisha mguu wa mbele wa tela hapo likiwa limelala sawa, soma. Kama namba ni ndogo, sogeza vitu vizito mbele kidogo ya ekseli, chini sakafuni.

Vitu vizito ni vipi? Maji kwanza. Lita moja ni kilo moja, kwahiyo tangi la lita 100 ni sawa na kumbeba mtu mzima mnene. Shuka na dumu moja tu la kunywa, mengine utajaza ukifika. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake, wakati ule wa kilo 6 unatosha watu wawili kwa safari ya wiki. Betri, jeki, spea. Vyote hivi pima kabla ya kupakia. Mashine yoyote ya kukoboa mpunga ina mizani, na sidhani mwenye nayo atakufukuza ukimwomba kwa adabu.

Likianza kuyumba ukiwa kwenye mwendo, achia mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki ghafla. Kuongeza mwendo ili “kulinyoosha” ni ushauri wa vijiweni, na umepindua watu.

Na gari la kuvuta? Soma kitabu chake, au tafuta kiwango cha kuvuta cha modeli hiyo. Gari ndogo nyingi zenye giaboksi ya CVT hazipendi kuvuta. Kushuka utashuka, ila kurudi Tukuyu giaboksi itachemka.

Tela la bei chee la mgeni: tahadhari

Hapa ndipo hela za watu zinaweza kupotea, kwahiyo soma polepole.

Mgeni anafika Matema, amechoka na safari, anataka kurudi kwao kwa ndege. Anakwambia, chukua tela hili, nipe kiasi fulani tumalizane. Tela ni zuri, bei ni nusu ya thamani. Tatizo ni kwamba tela hilo liliingia nchini kwa kibali cha muda, halikulipiwa ushuru. Lilipewa ruhusa ya kupita na kutoka. Ukilinunua kienyeji umenunua mzigo wa forodha, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali isiyolipiwa ushuru inaweza kukamatwa ikiwa mikononi mwako. Mgeni atakuwa yuko kwao anakunywa kahawa.

Kama unalitaka kweli, twende na utaratibu: muuzaji, wewe na wakala wa forodha mwende ofisi ya TRA pale mpakani, lithaminishwe, ushuru ulipwe, ndipo hela yako itoke mfukoni. Ukiona muuzaji anakwepa safari hiyo, umeshapata jibu.

Tela linasajiliwa lenyewe na linabeba namba yake, sio namba ya gari iliyoandikwa kwa mkono kwenye kipande cha bati. Ukichongesha kwa fundi wa hapa, mwambie mapema agonge namba ya chasi, na wewe tunza risiti za chuma, ekseli na matairi. Hizo zitakusaidia kuthibitisha lilikotoka. Mtu wa bima naye aambiwe wazi kwamba gari linavuta tela. Usisubiri ajue siku ya ajali.

Taa za nyuma zifanye kazi zote, na stika za kuakisi mwanga zibandikwe nyuma na ubavuni. Usiku, bodaboda anayekuja nyuma yako hajui kama una mkia.

Kyela ni joto, maji na kungu

Matela mengi yanayouzwa yametengenezwa kwa nchi za baridi: madirisha madogo, kuta nene, kila kitu kimezibwa. Yalete Kyela uone. Usiku wa Februari utalala nje na mbu, tela likibaki kabati la nguo.

Unachotaka ni hewa ipite. Madirisha mawili yanayotazamana, moja chini upande wa upepo, lingine juu upande wa pili, na tundu la hewa kwenye paa lenye kofia ya kuzuia mvua. Paa liwe jeupe. Turubai la kivuli lisimame juu ya paa kwa nafasi ya kiganja, lisilale juu yake.

Mvua ya huku huijui mpaka ikunyeshee mwezi wa nne. Ubao laini wa kabati, ule wa unga wa mbao uliogandishwa, utavimba kama mkate uliolowa kabla mwaka haujaisha. Tumia plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi pande zote, hasa kwenye kingo, au alumini. Kila tundu la skrubu juu ya paa ni mlango wa maji, kwahiyo lizibe kwa silikoni na ulikague upya kila kabla ya masika. Godoro lisilale juu ya ubao mtupu. Weka chaga, vinginevyo upande wa chini utaota ukungu.

Halafu kungu. Wanaokaa ziwani wanawajua, wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi mweusi. Upepo ukiwaleta nchi kavu wanafuata taa, na wavu wa kawaida wa dirishani wengine wanaupenya. Weka wavu wenye matundu madogo zaidi, zima taa za ndani mapema, na taa ya nje iwe ya njano, mbali na mlango. Kwa mbu, wavu wa dirisha peke yake haukuondolei chandarua chenye dawa juu ya kitanda. Malaria ya huku sio hadithi.

Jambo moja sitalipitia haraka. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya tela, hata likiwa linakaribia kuzimika, hata mvua ikinyesha. Moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu, na chumba cha mita mbili kwa tatu hujaa upesi. Watu wamelala na jiko ndani ya chumba kikubwa kuliko hicho wakakutwa wamekufa asubuhi. Upikaji ufanyike nje, chini ya turubai. Mtungi wa gesi ukae kwenye kisanduku cha nje chenye tundu chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni.

Umeme: hesabu ndogo tu

Paneli ya sola ya wati 100, siku ya jua zuri, tegemea wati-saa kama 400. Taa mbili, feni ndogo na kuchaji simu vinaingia humo bila shida. Friji dogo la volti 12 kwenye joto la Kyela linaweza kumaliza zote hizo peke yake. Kwahiyo ukitaka friji, weka paneli mbili, au beba kasha la barafu ununue samaki wa siku hiyo hiyo. Betri ya kawaida ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Inveta kubwa ya kuendesha pasi achana nayo.

Ukifika

Kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema ni kilomita 39. Shida iko mita mia za mwisho, kwenye mchanga. Shuka kwa miguu kwanza, ukanyage unapotaka kuegesha. Punguza upepo wa matairi kama mchanga ni laini, na uwe na pampu ya kuurudisha. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini unavuma kwa nguvu kwa sababu unatembea juu ya maji ziwa zima, hivyo elekeza shingo ya tela ziwani, mlango na turubai viwe upande wa kivuli cha upepo. Mbali na midomo ya mito, tafadhali. Mamba hawajali una tela la aina gani.

Matairi nayo yaangalie kabla ya kuanza kupanda. Tela hukaa sana bila kutembea, kwahiyo tairi linazeeka likiwa na kashata nzuri. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na kuna mzigo wa kurudi, ambao hakuna anayeuhesabu. Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, huwezi kuondoka mikono mitupu. Ukipita Kyela kuna mchele, na nyumbani wote walishakuagiza. Gunia moja la kilo 100 likitupwa nyuma kabisa ya tela, hesabu yote ya ile mizani imeharibika. Mchele ukae ndani ya gari, au sakafuni mbele kidogo ya ekseli. Vyungu viwe juu ya ekseli yenyewe, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na shingo ya tela ipimwe tena kabla hujaondoka.