Faida ya Kupanga Vitu Nyumbani: Habari ya Panya, Masanduku na Karatasi

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wanafunzi sita wa mwaka wa nne wa pedagogi. Prefe alituomba tueleze vizuri jambo lililotokea katika nyumba ya kulala ya wavulana muhula uliopita, juu watu wanalisema ovyo ovyo: wengine wanacheka, wengine wanaogopa kulala pale. Basi tumekubali. Lakini tutasema pia juu ya nyumba zetu za kwetu, maana fujo ile hatukuizaa hapa internati. Tulikuja nayo kutoka nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi. Mwenzetu mmoja, finalisti, alikuwa anatafuta buletini yake ya mwaka wa tano. Walimwomba ailete kwa ajili ya dosye yake ya egzameni ya Serikali. Alikumbuka kwamba iko ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya kitanda, na juu ya lile sanduku kuna mengine mawili ya watu waliomaliza masomo zamani. Akavuta, akavuta. Sanduku lake lilikuwa limetoboka pembeni, na ndani alikuta tundu la panya. Tundu zuri kweli, limetengenezwa kwa manyoya ya bulangeti na vipande vidogo vidogo vya karatasi. Juu ya kipande kimoja mtu aliweza kusoma bado: «Hesabu, 14/20». Ndiyo ile buletini.

Kando ya tundu kulikuwa panya mkubwa, amekufa. Mwenzetu, kwa hasira, alimshika mkia akamrusha juu ya kitanda cha jirani, na wote tukacheka. Mwangalizi wa internati aliingia wakati uleule. Yeye hakucheka hata kidogo. Alipiga kelele: «Mtu asimguse tena! Wote tokeni inje!» Kisha akatuma mtoto kumwita muganga wa kituo cha afya.

Wengi wetu tulifikiri mwangalizi anazidisha. Kumbe sisi ndio tulikuwa hatujui kitu. Katika Ituri yetu, zaidi sana upande wa milima ya Djugu na Mahagi, kuna ugonjwa wa tauni ambao waganga wanauita peste. Ulijulikana hapa tangu miaka ya 1920, na haujaondoka. Zoni za afya kama Rethy, Linga na Aungba zinaujua vizuri. Si ugonjwa wa vitabu vya istoria tu.

Muganga alitueleza hivi, na tulipenda maelezo yake. Mwaka 1894, kule Hong Kong, mganga Alexandre Yersin alipata kijidudu cha peste ndani ya uvimbe wa watu waliokufa, na ndani ya panya pia. Lakini watu hawakujua bado namna gani kijidudu kinatoka kwa panya kuingia kwa mtu. Mwaka 1898, katika mji wa Karachi, Mfaransa Paul-Louis Simond alifanya jambo rahisi. Alitia panya mgonjwa ndani ya chupa kubwa pamoja na viroboto. Kisha akatia panya mzima ndani ya kizimba kidogo, akakitundika ndani ya chupa ileile, hivi kwamba wale panya wawili hawakugusana. Yule mgonjwa akafa. Siku chache baadaye yule mzima akafa naye, na peste ilikuwa ndani yake. Nani alivuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine? Kiroboto. Waganga wengine wa wakati ule hawakumsadiki.

Sasa mnaweza kufahamu sababu ya kelele za mwangalizi. Kiroboto anapenda damu ya moto. Panya akiwa hai, viroboto vyake vinakaa juu yake, havina haja nasi. Panya akifa, mwili unapoa, na viroboto vinatoka kutafuta nyama nyingine ya moto. Ikiwa panya alikufa chini ya kitanda, nyama ya karibu ni mtu anayelala. Kwa hiyo panya aliyekufa bila kupigwa na mtu wala kuliwa na paka anahatarisha kuliko panya anayekimbia. Na kumshika mkia na kumrusha juu ya kitanda, hilo tunamwachia msomaji alihukumu mwenyewe.

Mtu aliyeumwa na kiroboto cha namna ile anaweza kukaa siku moja mpaka saba pasipo kusikia kitu. Halafu homa kali inakuja kwa ghafula, kichwa kinauma, na uvimbe wenye maumivu makubwa unatokea kwenye kinena, kwapa ao shingo. Asipopata dawa, hatari ya kufa ni kubwa. Peste ikiingia katika mapafu, mgonjwa anakohoa na kuwaambukiza wengine kwa pumzi, bila panya wala kiroboto, na bila dawa karibu wote wanakufa. Ilionekana hivyo mwaka 2005 katika machimbo ya almasi ya Zobia, upande wa Bas-Uele: watu zaidi ya 50 walikufa, wachimbaji wengi wakakimbia. Lakini dawa ziko, antibiotiki zinazoponya kabisa kama mgonjwa anafika mapema. Kufika mapema, muganga alirudilia neno hili mara tatu.

Basi tulipimwa homa asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku ya ine mmoja wetu aliamka na homa. Hatutasahau ile siku. Hakuna mtu aliyekula vizuri, na wale waliokuwa wanacheka Jumamosi walikuwa wanashika makwapa yao kila saa. Walimpima damu: ilikuwa malaria. Hatujapata kuona watu wanafurahia malaria namna ile. Na yule panya, muganga alimtia ndani ya mfuko kwa mikono yenye glove, akampeleka kupimwa. Majibu yalirudi kwamba hakuwa na peste.

Kisha kazi ilianza. Hapa kuna jambo moja ambalo watu wengi wanakosea: wanaona panya, wanakimbilia sumu, ao wanatoa vitu vyote inje siku ileile na kuwapiga panya kwa fimbo. Mahali penye mashaka ya peste, mambo yanafuatana. Kwanza tunaua viroboto kwa dawa ya unga ambayo watu wa afya wanainyunyiza chini na kwenye njia za panya. Panya wanafuata nyuma. Ukianza kwa panya, unafukuza viroboto kuja kwako.

Viroboto vilipokwisha, tulitoa kila kitu inje juu ya majani. Tuko wavulana 48 katika nyumba ile. Tulihesabu masanduku na mavalizi 61. Tulikuta viatu 37 visivyo na mwenzake, makaye ya miaka minane iliyopita, mikebe ya maziwa, sufuria moja lililotoboka ambalo kila mtu alilikana, na mahindi na karanga karibu kila pahali. Mwalimu wa biolojia aliturudisha kwenye hesabu. Panya mmoja anakula nafaka karibu gramu 15 kwa siku. Panya kumi wanakula gramu 150, ni kusema kilo ine na nusu kwa mwezi, bila kuhesabu ile wanayochafua kwa mkojo. Jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa watoto sita ao saba ao nane, na baada ya miezi mitatu hivi watoto wale wanaanza kuzaa nao. Kwa hiyo tulikuwa tunalisha kijiji kizima, na makaye yetu yalikuwa matela yao.

Panya anataka vitu viwili, chakula na mahali pa kujificha. Kufagia katikati ya nyumba hakumsumbui, maana yeye hakai katikati. Anakaa nyuma ya lundo ambalo hatulisogezi. Tulikuwa tunafagia kila asubuhi, tena kwa zamu, na mwangalizi alikuwa anatupa pointi! Lakini tulifagia kuzunguka masanduku, hakuna aliyeyasogeza.

Sasa nyumbani. Likizo ya Pasaka, mmoja wetu, msichana, alirudi kwao na maarifa haya yote kichwani, akataka kutupa vitu vya tate wake, yaani mama ya baba yake. Chini ya kitanda cha tate kulikuwa mikebe, chupa, vitambaa, mifuko ya mahindi ya mbegu na kuni. Mazungumzo yalikuwa hivi:

«Tate, hii mikebe yote ni ya nini? Tuitupe.»

«Mjukuu wangu, wakati tulikimbia vita, weye ulikuwa haujazaliwa. Tuliacha hata chungu juu ya moto. Tulikunywa maji kwa majani. Sasa unaniambia nitupe mkebe?»

Msichana alinyamaza. Sisi tunafikiri tate alikuwa na haki. Mtu aliyenyang'anywa vyote, miaka ya 1999 mpaka 2003, na wengine tena tangu mwisho wa 2017, hawezi kusikia neno «tupa» kama mtu mwingine. Na kwetu mkebe si takataka: unakuwa taa, kipimo cha chumvi, kikombe cha mgeni. Wale wanaofundisha kwamba kupanga nyumba ni kutupa vitu, pengine wanaishi karibu na duka.

Basi hawakutupa. Waligeuza mahali. Kuni zilikwenda inje chini ya paa, mbali na ukuta wa nyumba. Mahindi ya mbegu yaliingia katika pipa lenye kifuniko, na lile pipa likawekwa juu ya miti, si juu ya udongo. Mikebe iliyo mizima ilipangwa juu ya ubao, midomo chini, isiingie maji ya mvua na kuzaa mbu. Iliyotoboka ilizikwa, na tate mwenyewe ndiye aliyechagua. Nguo zilizokuwa zinatundikwa kwenye misumari pembeni ya kitanda zilitiwa ndani ya valizi, kwa sababu mbu wa malaria wanapenda kupumzika mchana mahali penye giza kama pale. Chandarua ambacho miaka miwili kilikuwa kimekunjwa, maana hakukuwa nafasi ya kukitundika, kilitundikwa. Hata chupa ya petroli iliyokuwa karibu na chupa ya mafuta ya kupikia ilipata nafasi yake juu, mbali na mikono ya watoto. Kazi yote ilichukua siku mbili, bila kununua kitu isipokuwa misumari.

Lakini jambo lililotushangaza ni hili. Msichana aliuliza: «Tate, na karatasi zako ziko wapi?» Bibi yule ambaye hajui kusoma alinyosha mkono juu ya mlango, pasipo hata kuangalia, akashusha mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Ndani mlikuwa karte yake ya elekta, hati za kuzaliwa za watoto, karatasi ya shamba, karte za chanjo za wajukuu na noti kidogo za safari. «Usiku wa kukimbia hakuna kutafuta,» alisema. Sisi wasomi, tulikuwa tumeweka buletini chini ya masanduku matatu.

Tangu ile habari, katika nyumba ya kulala, kila mtu ana sanduku moja tu. Limewekwa juu ya mbao ambazo wanafunzi walitengeneza wenyewe, kwa urefu ambao fagio linapita chini yake. Chakula kinawekwa ndani ya pipa mbili zenye kifuniko karibu na ofisi ya mwangalizi, na jina la mtu juu ya kila mfuko. Wengine wananung'unika juu pipa zinafungwa saa mbili ya usiku, na njaa haina saa. Tunawaelewa. Mmoja wetu sisi sita angali anaficha karanga ndani ya mto wake; tumemwambia hapa kwa mara ya mwisho, mara nyingine tutaandika jina.

Finalisti wetu alipata kopi ya buletini yake. Mama yake alitembea siku mbili kwenda na kurudi mpaka masomo yake ya zamani, akangoja mkubwa wa masomo pale siku ya tatu, na dosye iliingia wakati uliobaki ni siku moja tu.

Masanduku na mavalizi 13 hayakuwa na mwenyewe. Wanne wamekwisha kuja kuchukua yao. Tisa yangali katika depo, nyuma ya jiko. Anayemjua mwanafunzi wa zamani aliyeacha sanduku lake hapa, amwambie aje mbele ya mwisho wa mwezi, na atueleze ni nini kilicho ndani kabla ya kulifungua. Moja linanuka samaki.