Virusi inaingia mwilini kwa mlango gani?

Huko Durba, Marburg iliua wachimba dhahabu. Kikwit na Beni, Ebola ilimaliza jamaa nzima. SIDA nayo haina mji wa machimbo isioujua. Magonjwa haya matatu yanafanana kwa jambo moja: kila virusi ina mlango wake ambao inaingilia ndani ya seluli za mtu. Laboratwari zinautafuta mlango huo kwa kutumia kingamwili. Tueleze namna gani, na mchimbaji pamoja na familia yake wanapata nini ndani ya kazi hiyo.

Kati ya mwisho wa 1998 na mwezi wa tisa 2000, huko Durba na Watsa, kwa ile tunaita leo Haut-Uélé, wagonjwa wa Marburg walihesabiwa 154. Waliofariki walikuwa 128. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji, na wengi wao walikuwa wanashuka mu shimo moja, Goroumbwa, ndani ya eneo la Kilo-Moto. Hata daktari mkuu wa zone ya afya alifariki. Mwisho ugonjwa uliisha wakati shimo lilijaa maji na watu wakaacha kushuka.

Wataalamu walipopima virusi za wagonjwa, waliona si ukoo mmoja tu wa virusi. Walihesabu koo 9 au zaidi. Maana yake: haikuwa mtu mmoja aliyeleta ugonjwa, kisha ukatembea mtu kwa mtu miaka miwili. Mara nyingi mchimbaji mwingine tena aliupata chini ya ardhi, akaupeleka nyumbani kwa mke, watoto na ndugu waliomuuguza. Baadaye alama za virusi ilipatikana ndani ya popo waliokuwa wanaishi mu shimo lile.

Na si jambo la zamani tu. Mwaka 2024, Rwanda ilipata Marburg: wagonjwa 66, waliofariki 15. Uchunguzi ulifuata njia ya ugonjwa hadi kwa pango la machimbo lenye popo.

Kadenasi na ufunguo

Virusi peke yake haiwezi kitu. Haili, haizai. Ili iongezeke ni lazima iingie ndani ya seluli, kile chumba kidogo ambacho mwili wetu umejengwa nacho kwa mamilioni na mamilioni. Lakini seluli ina ngozi yake, na ngozi hiyo haifunguki ovyo.

Ndani ya ngozi ile kuna protini nyingi. Kila moja ina kazi: hii inapitisha mafuta, ile inatambua mikrobi, nyingine inapokea habari kutoka seluli jirani. Virusi nayo ina kipande cha nje ambacho kinaingiana na mojawapo ya protini hizo, sawa ufunguo unavyoingia mu kadenasi. Protini ile ambayo virusi inashika, wataalamu wanaiita kipokezi.

Tuelewane vizuri: mwili haukuweka kipokezi juu ya virusi. Ulikiweka kwa kazi yake mwenyewe. Virusi inafanya kama mwizi anayepitia dirisha; wewe ulijenga dirisha juu ya hewa, si juu yake. Njo maana haiwezekani kung'oa vipokezi vyote na kutupa: mtu angekosa kile vinachomfanyia kila siku.

Kingamwili, mfuatiliaji asiyechanganya

Kingamwili, ile waganga wanaita antikori, ni protini ambayo mwili unatengeneza kwa kupigana na mikrobi. Inafanana na herufi Y. Mikono yake miwili inashika kitu kimoja tu, sehemu moja tu ya kitu hicho. Kingamwili ya surua haijali homa ya manjano.

Watu wa laboratwari walijiuliza: kama kingamwili inajua kutambua kitu kimoja katikati ya maelfu, kwa nini tusiitume itutafutie? Shida ilikuwa kupata nyingi za aina moja. Mwaka 1975, kule Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia. Walichukua seluli ya panya inayotengeneza kingamwili, wakaiunganisha na seluli ya kansa. Ya kwanza inajua kazi lakini inakufa upesi. Ya pili inaishi na kuzaana bila kuchoka. Mtoto wao alirithi yote mawili: anatengeneza kingamwili ile ile moja, siku zote. Mwaka 1984 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Leo, kutafuta kipokezi kunafanyika hivi. Kingamwili inafungiwa rangi inayong'aa. Inachanganywa na seluli, kisha seluli zinaoshwa ili zile kingamwili ambazo hazikushika kitu ziondoke. Zinazobaki zimeshika kweli. Halafu seluli zinapita moja moja mbele ya mwanga wa laser. Ile yenye kipokezi inang'aa, isiyo nacho inapita giza, na mashini inahesabu.

SIDA: kingamwili 155 mezani

Mfano mkubwa ulitokea 1984. Virusi ya SIDA ilikuwa imejulikana mwaka mmoja tu, na watu walishaona kwamba inaharibu aina fulani ya seluli nyeupe za damu. Lakini inashika nini juu yake? Kikundi kimoja Paris na kingine London walifuata swali hilo.

Wale wa London walichukua kingamwili 155 za aina mbalimbali, kila moja ikishika protini yake juu ya ngozi ya seluli. Waliziweka kwanza, kisha wakaleta virusi. Wazo ni rahisi: kama kingamwili imekalia mlango wenyewe, virusi itakosa pa kushika. Kingamwili 14 kati ya hizo zilikuwa za protini moja, CD4. Zote 14 zilizuia virusi. Mlango ulijulikana. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba CD4 peke yake haitoshi: virusi inahitaji pia mlango wa pili, mara nyingi protini inayoitwa CCR5.

Wengi wanaosoma hapa wanajua neno CD4, sababu wameliona juu ya karatasi ya lopitalo. Ni ile ile. Munganga anapotuma damu kuhesabu CD4, laboratwari inatumia kingamwili yenye rangi kuhesabu seluli zenye mlango huo ambazo bado ziko hai. Mtu mkubwa mwenye afya anakuwa nazo kama 500 hadi 1500 ndani ya milimita moja ya ujazo, ni tone dogo sana la damu. Chini ya 200, mwili umebaki bila walinzi: kifua kikuu na ugonjwa wa utando wa ubongo vinaweza kuingia.

Hapa kuna makosa mawili yanayoumiza watu. La kwanza ni kusema: « CD4 yangu iko juu, basi sina virusi. » Hapana. Kipimo cha CD4 hakitafuti virusi, kinahesabu seluli. Mtu anaweza kuwa na virusi na CD4 700. La pili ni kuacha dawa kwa sababu hesabu imepanda. Hesabu imepanda juu ya dawa; ukiacha, itashuka tena. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, hata CD4 ikiwa juu. Siku hizi CD4 inasaidia zaidi kujua nani yuko katika hatari kubwa.

Kwa mchimbaji jambo hili ni zito maradufu. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu njia. Mwenye vumbi kifuani na CD4 ya chini ana hatari mbili kwa wakati mmoja. Kikohozi kinachopita wiki mbili, usikiite « baridi ya shimo ».

Ebola na Marburg: mlango uko ndani ya nyumba

Kwa Ebola na Marburg kutafuta kulichukua miaka mingi zaidi. Sababu? Watu walikuwa wanatafuta nje, na mlango wa kweli uko ndani.

Virusi hizi zinashika seluli kwa nje kwa njia nyingi, na seluli yenyewe inazimeza, ikizifunga ndani ya kifuko. Mule ndani, vimeng'enya vya seluli vinakata ngozi ya nje ya virusi, sawa mtu anayemenya muhogo. Kile kilichokuwa kimefichwa kinatokea, na sasa ufunguo unaingia mu kadenasi: protini inayoitwa NPC1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kupitisha mafuta ya kolesteroli. Vikundi viwili vilitangaza jambo hilo mwaka 2011. Seluli za watu waliozaliwa bila NPC1 nzima, ambao wana ugonjwa wao mzito wa kurithi, virusi haikuweza kuziingia.

Hivyo ukitia kingamwili ya NPC1 nje ya seluli nzima, hutaona karibu kitu. Mtu wa haraka angesema: « Hakuna kipokezi hapa. » Angekuwa amekosea. Ni lazima kwanza kutoboa ngozi ya seluli kwa dawa maalumu ili kingamwili iingie hadi kwenye vifuko. Tena ni lazima kupima kingamwili yenyewe: inawekwa pia juu ya seluli ambazo NPC1 yake imeondolewa kwa makusudi. Ikiwaka hata hapo, inadanganya. Inashika kitu kingine. Bila ushuhuda huo, jibu la laboratwari si la kuaminiwa. Na kingamwili nyingi zinataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Friji ikizimika kila siku juu ya ukosefu wa umeme, dawa ya gharama inakuwa maji tu.

Damu ya mtu wa Kikwit

Kazi hii imefikia nini kwa mgonjwa? Jibu liko hapa kwetu. Mwaka 1995, wakati wa Ebola ya Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliopona. Saba waliishi. Walikuwa wachache mno kuwa ushahidi kamili, lakini profesa Jean-Jacques Muyembe hakuacha wazo hilo.

Miaka kama 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu. Ndani yake wataalamu, pamoja na wale wa INRB ya Kinshasa, walipata kingamwili iliyopewa jina mAb114. Walipoichunguza waliona inavyofanya: inashika ufunguo wa virusi pale pale unapotaka kuingia NPC1, na haiachi hata ngozi ya virusi ikikatwa. Kama mtu amepaka udongo juu ya ufunguo.

Tangu mwezi wa 11 mwaka 2018, dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo na pande zile. Kwa waliopata mAb114 walifariki 35 kwa mia; kwa kingamwili nyingine, REGN-EB3, 33 kwa mia na nusu. Kwa dawa mbili zilizobaki ilikuwa karibu 50 na 53 kwa mia. Na waliofika mapema walipona wengi zaidi. Mwishoni mwa 2020 dawa zile mbili ziliidhinishwa Marekani. Ile ya Kikwit inaitwa Ebanga.

Lakini tahadhari: ni dawa za Ebola ya aina ya Zaire. Mlango NPC1 ni ule ule kwa Marburg, lakini umbo la ufunguo ni tofauti, na kingamwili haikubali umbo lingine. Haijathibitishwa kwamba zinasaidia Marburg, wala Ebola ya Bundibugyo iliyotokea Isiro mwaka 2012. Njo maana laboratwari lazima iseme kwanza ni virusi gani, kabla ya munganga kushika sindano.

Kwa familia za machimbo

Kwa karieri tunasikia mara nyingi: « Banatosha damu ya batu juu ya kuiuzisha. » Hofu hiyo haikutoka hewani, watu wamepimwa mara nyingi bila kuelezwa kitu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: damu hii inapimwa nini? Jibu litarudi siku gani? Kama ni ya utafiti, nimekubali wapi? Munganga mzuri atajibu. Ila kukataa kipimo wakati wa homa kunamaanisha kumwacha mama na watoto wakuuguze bila kujua wanashika nini.

Shimo lenye popo wengi, usishuke. Mavi na mkojo wao usiguse kwa mikono mitupu, wala usiwale wenyewe. Ukipata homa kali, kichwa kuuma na kutapika ndani ya wiki tatu baada ya kushuka mahali kama pale, mwambie munganga neno moja ambalo hawezi kulisoma usoni mwako: « Nilikuwa mu shimo lenye popo. » Kwa neno hilo laboratwari itajua ianze kutafuta wapi.